Mafunzo kwa Vitendo Yenye Krediti katika Taasisi za Utafiti wa Sera za Mipaka: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayesoma Marekani na Mzazi Anayemlipia

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Marekani anaweza kuhesabiwa krediti za masomo kwa kazi anayoifanya nje ya darasa, iwe ofisini, maabara au katika taasisi ya utafiti, ili mradi chuo chake kimeikubali kazi hiyo kabla haijaanza na kimeweka utaratibu wa kuipima. Hapa kwetu jambo linalokaribiana na hilo ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Tofauti ipo, tena kubwa. Fildi ya hapa nchini kwa kawaida ni sehemu ya programu na wanafunzi wote wa kozi husika huenda. Kule, mara nyingi ni somo la kuchagua: mwanafunzi hutafuta nafasi mwenyewe, hulisajili somo na hulilipia ada. Panapolipiwa ada pana huduma inayonunuliwa, na anayeinunua ni mlaji mwenye haki ya kujua anapewa nini.

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya mafunzo hayo, yaani yale yanayofanyika katika taasisi zinazochunguza sera za mipaka ya nchi. Tumeichagua aina hii kwa sababu inawavutia wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, jiografia, uchumi na usafirishaji, na pia kwa sababu ndani yake hukutana sheria za namna tatu: za elimu, za kazi na za uhamiaji. Kosa linaloonekana dogo katika sheria ya kwanza huweza kuwa kosa kubwa katika ya tatu.

Kazi za taasisi hizi

Mfano mzuri ni Border Policy Research Institute, iliyoanzishwa mwaka 2005 ndani ya Western Washington University, mjini Bellingham katika jimbo la Washington. Kutoka mjini hapo hadi mpaka wa Kanada ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Karibu yake vipo vituo vya barabara vya Peace Arch, Pacific Highway, Lynden na Sumas, na kila kimoja kina tabia yake. Malori ya mizigo hayaruhusiwi kupita Peace Arch. Huelekezwa Pacific Highway, jirani yake. Anayeifahamu Tunduma au Namanga ataelewa bila kuelezwa zaidi kwa nini kuna watu wanaofanya kazi ya kupima muda ambao lori linakaa kwenye foleni. Kila saa ya lori kusimama inalipiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mnunuzi wa mwisho dukani, ambaye hajawahi kuuona mpaka huo.

Tarehe 21 Machi 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, Marekani na Kanada zilisitisha safari zisizo za lazima katika mpaka wao wa nchi kavu. Kanada iliwafungulia Wamarekani waliochanjwa tarehe 9 Agosti 2021, na Marekani ikafungua upande wake tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Katika kipindi hicho watu wa Point Roberts walipata taabu ya pekee. Hicho ni kipande cha ardhi ya Marekani kisichofikika kwa barabara bila kupita Kanada, hivyo kufungwa kwa mpaka kuliwageuza wakazi wake kuwa kama watu wa kisiwani. Nani alipoteza, kiasi gani, na je, kanuni ingeweza kuandikwa kwa namna nyingine bila kuhatarisha afya ya umma? Maswali ya namna hiyo ndiyo malighafi ya taasisi hizi, na majibu yake hutafutwa kwa kazi ambazo mwanafunzi anaweza kukabidhiwa: kusafisha takwimu, kuchora ramani, kusoma machapisho yaliyotangulia, kuhesabu magari barabarani, kuandika rasimu ya muhtasari wa sera.

Takwimu nyingi zinazotumika si siri. Ofisi ya takwimu iliyo chini ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani huchapisha idadi ya magari, malori na watu walioingia kwa kila kituo na kwa kila mwezi, na mwanafunzi aliyeko Dodoma anaweza kuzisoma sawa na aliyeko Bellingham. Kabla ya kuomba nafasi, ni vyema kuzipitia. Barua ya maombi iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuona takwimu hizo hutofautiana sana na ile inayosema tu kwamba mwombaji ana ari ya kujifunza.

Kwa mwanafunzi asiye raia wa Marekani, taasisi iliyo ndani ya chuo kikuu ina faida moja ambayo matangazo huwa hayaitaji. Idara za serikali zinazosimamia mpaka wenyewe huwataka wanafunzi wao wa mafunzo wawe raia. Taasisi ya chuo kikuu kwa kawaida haina sharti hilo, isipokuwa pale mradi fulani unapotumia taarifa zenye ulinzi. Ulizia mapema ni mradi gani utapangiwa, usije ukafika na kukuta kazi iliyokuvutia imefungwa kwako.

Ujuzi huo unahitajika hapa nyumbani pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016, inayowezesha msafiri au mzigo kukaguliwa na maofisa wa nchi mbili katika sehemu moja. Kituo cha Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda kilizinduliwa rasmi mwaka 2016, na cha Namanga kati ya Tanzania na Kenya mwaka 2018. Kujua kama majengo hayo yamepunguza foleni kwa kiasi kilichokusudiwa kunahitaji watu wanaojua kupima.

Krediti ni saa

Neno krediti huwachanganya wazazi wengi, kwa sababu linatumika Marekani na linatumika Tanzania, lakini halibebi uzito uleule.

Kwa kanuni za serikali kuu ya Marekani, krediti moja ya muhula ni takriban saa moja ya darasani na si chini ya saa mbili za kujisomea kwa kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Jumla yake ni kama saa 45. Vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula, kikiwemo Western Washington University, huhesabu wiki 10 hadi 12, hivyo krediti moja ya robo ni kama saa 30. Kanuni hizo zinataja wazi kwamba mafunzo kwa vitendo nayo yanapaswa kuwa na kiasi cha kazi kinacholingana na hicho. Shahada ya kwanza ya miaka minne kwa kawaida huhitaji krediti 120 za muhula au 180 za robo, na ukizidisha utaona kwamba zote mbili zinafika palepale: saa 5,400.

Tanzania imechukua kipimo kidogo zaidi. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza kwa jumla, na shahada ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Kwa hiyo somo la vitendo la krediti tano za robo kule Marekani ni kazi ya saa 150, ambayo kwa kipimo cha saa peke yake ingelingana na krediti 15 za hapa. Mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe na kuona "5" asidhani mtoto alicheza.

Hesabu hii ina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi, nayo ni kumlinda mwanafunzi. Saa 150 zikigawanywa kwa wiki 10 ni saa 15 kwa wiki, zikiwemo saa za kuandika ripoti na kukutana na mwalimu msimamizi. Mwanafunzi akiambiwa afike ofisini saa 25 kila wiki kwa krediti hizohizo tano, mwisho wa robo atakuwa amefanya saa 250. Saa 100 zilizozidi hazina krediti na hazina malipo. Haitoshi kusema kwamba "anapata uzoefu". Ama krediti ziongezwe, ama saa zipunguzwe, ama zilizozidi zilipwe kwa utaratibu halali. Tunashauri idadi ya saa kwa wiki iandikwe katika mkataba wa mafunzo kwa tarakimu, kwani maneno kama "muda wa wastani" hayana maana mgogoro unapotokea.

Jambo jingine la kuuliza ni aina ya alama. Masomo mengi ya vitendo hutolewa kwa alama ya kupita au kutopita, na alama hiyo kwa kawaida haiingii katika wastani wa ufaulu. Kwa mwanafunzi mwenye wastani mzuri hilo halina madhara. Kwa anayetafuta kuunyanyua wastani wake kabla ya kuomba shahada ya uzamili, robo nzima itakuwa imepita bila kumsogeza. Vilevile vyuo vingi huweka ukomo wa krediti za vitendo zinazoweza kuhesabiwa katika shahada, na idara inaweza kuzikubali kama krediti za ziada bila kuzikubali kama sehemu ya somo kuu. Swali la kumuuliza mshauri wa masomo ni hili: krediti hizi zitaingia wapi katika orodha ya masharti yangu ya kuhitimu? Jibu la "zitahesabiwa tu" halitoshi.

Ada, posho, na kazi isiyo na malipo

Mwanafunzi anayesajili somo la vitendo hulipa ada kwa chuo chake, hata kama taasisi haimlipi senti. Wapo wanaoona jambo hili kuwa kichekesho, kwamba mtu alipie haki ya kufanya kazi. Utetezi wa vyuo ni kwamba kinacholipiwa ni usimamizi wa mwalimu, upimaji na krediti zenyewe. Utetezi huo ni wa haki pale tu usimamizi unapokuwepo. Msimamizi anayeonekana siku ya kusaini fomu ya mwisho hajatoa huduma iliyolipiwa, na mwanafunzi ana haki ya kupeleka malalamiko katika idara yake wakati mafunzo yakiendelea.

Wakati wa kusajili hubadilisha gharama kwa kiasi kikubwa. Vyuo vingi vya umma humtoza mwanafunzi wa muda kamili ada moja kwa krediti zote zilizo ndani ya kiwango fulani. Ikiwa bado una nafasi ndani ya kiwango hicho, krediti za vitendo hazitaongeza ada. Ukizisajili wakati wa kiangazi, ambapo ada mara nyingi hukokotolewa kwa kila krediti, hali ni nyingine. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba chuo hutoza dola 400 kwa krediti: krediti tano ni dola 2,000, na hapo hujalipa pango wala chakula cha wiki kumi. Kiangazi huvutia kwa sababu hakuna masomo mengine, lakini mzazi anayetuma fedha kutoka Mwanza au Tanga anastahili kuelezwa bei hiyo kabla haijaamuliwa.

Je, sheria za kazi za Marekani zinaruhusu kazi isiyolipwa? Kwa mashirika yanayofanya biashara, Wizara ya Kazi ya nchi hiyo tangu Januari 2018 hutumia kipimo kinachouliza nani ananufaika zaidi, mwanafunzi au mwajiri. Vigezo vyake ni saba. Miongoni mwake ni kama mafunzo yameunganishwa na masomo au krediti, kama yanafuata kalenda ya chuo, kama pande zote zinaelewa kwamba hakuna ujira, na kama kazi ya mwanafunzi inasaidia ile ya wafanyakazi wanaolipwa au inachukua nafasi yao. Hakuna kigezo kimoja kinachoamua peke yake, hivyo krediti haziwi kibali cha kumtumikisha mtu. Kwa taasisi za umma na zisizo za kibiashara, ambako taasisi nyingi za utafiti ziko, sheria imelegea zaidi na kujitolea kunaruhusiwa kwa upana. Kwa sababu hiyohiyo mwanafunzi asitegemee kwamba sheria ya ujira itamwokoa. Kinga yake kubwa ni mkataba na chuo chake.

Kuhusu wanaouza nafasi: yako makampuni na mawakala wanaotoza fedha ili kumtafutia mwanafunzi mahali pa mafunzo, na baadhi yao hufanya biashara halali. Anayefikiwa na wakala aombe mambo mawili kwa maandishi. Kwanza, barua kutoka taasisi yenyewe, yenye jina la msimamizi na anwani ya taasisi hiyo, ikithibitisha nafasi. Pili, kauli ya chuo chake kwamba krediti zitatoka chuoni na zitaingia katika matokeo yake. Wakala akisema kwamba krediti zitatolewa na yeye mwenyewe, au kwamba "zinatambulika duniani kote", mazungumzo yaishie hapo.

Viza

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na tutakaa hapa kwa muda.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki walioko vyuoni Marekani wana viza ya F-1. Viza hiyo inamruhusu mtu kusoma. Kufanya kazi ni ruhusa ya ziada. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapaswa kusajili krediti zisizopungua 12 kwa kila muhula au robo ya kawaida. Krediti za vitendo zilizosajiliwa kwa utaratibu huweza kuwa sehemu ya hizo 12, lakini mwanafunzi akijiondoa katika mafunzo katikati ya robo, hesabu inaweza kushuka chini ya 12 na hadhi yake ya uhamiaji ikaingia mashakani. Kabla ya kuacha mafunzo hata kwa sababu nzuri kabisa, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ijulishwe kwanza.

Mafunzo yaliyo sehemu ya mtaala na yanayofanyika nje ya chuo huhitaji idhini inayojulikana kwa kifupi kama CPT. Anayeitoa ni ofisa wa chuo aliyepewa mamlaka ya kusimamia wanafunzi wa kigeni, naye huiandika katika fomu ya I-20 ikitaja jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kama kazi ni ya muda kamili au nusu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza sharti awe amekwisha kusoma mwaka mmoja kamili wa masomo kwa muda kamili. Mafunzo yawe sehemu ya lazima au ya msingi ya mtaala uliopo, na hapa ndipo krediti zinapopata umuhimu wa kisheria, kwa kuwa usajili wa krediti ndio ushahidi ambao vyuo vingi huutumia kuonyesha uhusiano huo. Idhini itoke kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Barua ya mwajiri si idhini. Barua pepe ya mwalimu inayosema "endelea, karatasi zitafuata" nayo si idhini, hata ikiandikwa kwa nia njema kiasi gani.

Saa 20 kwa wiki au chini yake huhesabiwa kuwa nusu. Zaidi ya hapo ni muda kamili. Mwanafunzi akitumia miezi 12 au zaidi ya CPT ya muda kamili hupoteza haki ya kufanya kazi ya vitendo baada ya kuhitimu, inayoitwa OPT, katika ngazi hiyo ya shahada. Mafunzo ya robo moja hayakaribii ukomo huo, ila anayepanga kuyarudia mara kwa mara aweke kumbukumbu ya miezi.

Taasisi ikiwa ndani ya chuo unachosoma, kazi yenye malipo inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya ndani ya chuo, ambayo ina utaratibu wake na ukomo wa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Taasisi ikiwa ya chuo kingine, hata kilicho mtaa wa pili, hiyo ni nje. Na kazi isiyolipwa? Wanafunzi hupeana ushauri kwamba kisicho na malipo si kazi. Usiufuate ushauri huo peke yake. Posho ya usafiri, nyumba ya bure au ahadi ya kulipwa baadaye vyote vinaweza kubadilisha maana ya jambo lenyewe. Mwenye mamlaka ya kukujibu ni ofisa anayesaini I-20 yako. Muulize kwa maandishi na utunze jibu.

Uzito wa onyo hili unatokana na kanuni moja. Mwanafunzi aliyepoteza hadhi ya F-1 kwa sababu nyingine anaweza, katika mazingira fulani, kuomba arejeshewe. Aliyeipoteza kwa kufanya kazi bila idhini, mlango huo wa kurejeshewa umefungwa kwake.

Anayesoma chuo cha Tanzania, Kenya au Uganda na anataka kwenda Marekani kwa mafunzo tu hawezi kutumia utaratibu huu. Njia yake ya kawaida ni viza ya J-1 katika kundi la wanafunzi wa mafunzo, yenye mdhamini aliyeidhinishwa, fomu ya DS-2019 na mpango wa mafunzo uliosainiwa, kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Viza ya matembezi haifai kwa kazi hii. Masharti ya viza kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika yamekuwa yakibadilika, hivyo ubalozi uulizwe kabla ya tiketi kununuliwa.

Kazi inapokutaka uvuke

Taasisi ya mipaka haitakosa siku ambayo kikundi kizima kinaalikwa upande wa pili: mkutano Vancouver, ziara ya kituo cha forodha, chakula cha mchana na watafiti wenzao. Kwa Mmarekani na Mkanada hiyo ni safari ya nusu siku. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania ni maombi mawili tofauti, kuingia Kanada na kurudi Marekani.

Kuingia Kanada kunahitaji viza ya Kanada. Viza ya mwanafunzi ya Marekani haikufungulii mpaka huo wa nchi kavu. Aidha, kuhudhuria mkutano na kufanya kazi ni vitu viwili. Kusimama upande wa Kanada ukihoji madereva kwa siku kadhaa kunaweza kuhitaji ruhusa ambayo viza ya mgeni haitoi. Kurudi Marekani kunahitaji I-20 yenye saini ya safari isiyozidi mwaka mmoja, na viza iliyo hai. Ipo kanuni inayomruhusu mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha muda kurudi kutoka Kanada au Mexico baada ya safari isiyozidi siku 30, lakini haimhusu aliyeomba viza mpya akiwa huko. Usiitegemee bila kuzungumza na ofisi yako kwanza.

Na mpaka wenyewe si lazima uwe na uzio. Karibu na Blaine, mahali pengine kinachotenganisha nchi ni mtaro kando ya barabara, na pengine ni mchanga wa ufukweni. Mwaka 2018 mgeni mmoja aliyekuwa akikimbia ufukweni upande wa Kanada alijikuta ndani ya Marekani bila kujua, akazuiliwa kwa takriban wiki mbili. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kupiga picha au kuhesabu magari karibu na mstari apewe ramani na asiwe peke yake.

Mwanafunzi ana haki ya kukataa kuvuka bila kupoteza krediti. Haki hiyo haitajiandika yenyewe: iombe iingizwe katika mkataba kwa sentensi moja, kwamba safari za nje ya nchi ni za hiari na kazi mbadala itatolewa. Wasimamizi wengi huikubali mara moja, kwani wengi wao hawakuwa wamelifikiria.

Kabla ya kusaini

Mkataba wa mafunzo hutiwa saini na watu watatu: mwanafunzi, msimamizi wa taasisi na mwalimu wa chuo. Mbali na saa, alama na safari ambazo tumekwisha kuzieleza, utaje kazi itakayowasilishwa mwishoni na nani ataimiliki. Mwanafunzi aliyeandika sehemu kubwa ya muhtasari wa sera anaweza kutajwa kama mwandishi, akatajwa katika shukrani, au asitajwe kabisa. Yote matatu hutokea, na wakati wa kuyajadili ni mwanzoni. Kama kazi inahusisha kuhoji wasafiri, kamati ya maadili ya utafiti ya chuo iwe imetoa kibali au kauli kwamba hakihitajiki. Wanaovuka mpaka si wote walio na usalama wa kuzungumza, na jina lililoandikwa kwenye daftari ovyo linaweza kumdhuru aliyelitoa. Ulizia pia nani atagharimia matibabu ukiumia kazini, kwa kuwa bima ya afya ya wanafunzi haifanani chuo hadi chuo.

Krediti zinaporudi nyumbani

Mhitimu wa chuo cha nje anayetaka shahada yake itambuliwe nchini huiwasilisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kinachotambuliwa ni tuzo nzima, lakini anayehamia chuo cha hapa kabla ya kumaliza, au anayeomba kusamehewa baadhi ya masomo, ataulizwa somo mojamoja. Mstari wa matokeo unaosomeka "mafunzo kwa vitendo, krediti 5, amepita" hauelezi chochote kwa anayeukagua miaka mitatu baadaye. Hifadhi muhtasari wa somo, mkataba uliosainiwa, jedwali la saa, tathmini ya msimamizi, ripoti ya mwisho, na nakala ya kila I-20 iliyobeba idhini. Viombe wakati ungali chuoni, kwa kuwa wasimamizi huhama, na anwani ya barua pepe ya chuo huweza kufungwa baada ya kuhitimu. Nakala moja ikae kwa mzazi.